Takataka za Jikoni Katika Jaruba la Mpunga

Hotuba iliyotolewa Niboye, Kigali, mbele ya wajumbe wa Kamati ya Kambi, wakimbizi wa mjini na wageni, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Mwenyekiti alitutaka tuseme juu ya mazingira na kilimo, akatupa dakika ishirini. Mwalimu akipewa dakika ishirini hutumia arobaini, na ninyi mna basi la kuwahi. Kwa hiyo mazingira tutawaachia wengine. Sisi tutasema juu ya jambo moja tulilolishika kwa mikono, nalo ni takataka, na namna ya kuzitia katika jaruba la mpunga bila kuliua. Tunasema bila kuliua kwa sababu jaruba letu la kwanza tuliliua wenyewe, na tulikuwa na vyeti.

Kwanza mtujue. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili, wakimbizi kutoka Kongo, tunaokaa hapa Niboye na jirani zetu wa Kagarama. Wengi wetu ni wa Masisi na Rutshuru, watu wa ng'ombe, mtama na maharage, ambao mpunga tuliuona sahanini kabla ya kuuona shambani. Wawili tu wametoka Bonde la Ruzizi, na hao ndio waliotufundisha kupandikiza miche bila kuanguka topeni. Watatu kati yetu ni walimu tuliopita chuo cha ualimu.

Mnakumbuka mwezi Machi 2021, mgao wa chakula kwa wakimbizi wa nchi hii ulipopunguzwa kwa asilimia 60 kwa kukosekana fedha. Ndugu wa kambini mnakumbuka kuliko sisi, maana ndipo mlipoanza kutupigia simu, nasi wenyewe hatukuwa na kitu. Ndipo tukaanza kuulizana habari za ardhi. Mkimbizi katika Rwanda anaruhusiwa kufanya kazi, hilo tunashukuru. Lakini kilima kina mwenyewe, na mabonde ya maji, vile wenyeji wanavyoviita ibishanga, ni mali ya Serikali, hulimwa na vyama vya ushirika chini ya utaratibu wake. Mgeni huingia kwa mkono wa mwanachama. Nasi tuliingia hivyo: mama mmoja mwanachama katika bonde moja la Bugesera alitukubalia tulime ari 20 za majaruba yake, tugawane mavuno.

Mpunga wenyewe si mkongwe hapa. Majaribio yalikuwako tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 wataalamu kutoka Taiwan waliwafundisha wakulima kukata majaruba na kuongoza maji katika bonde la Kabuye, kaskazini mwa Kigali. Baadaye walikuja Wachina wa Bara, na kilimo hicho kikaenea Bugarama, Gisagara, Rwamagana, Nyagatare na Bugesera. Leo bonde hupandwa mara mbili kwa mwaka. Mara mbili kwa mwaka linatoa, na kila mara gunia linapopanda lori, chakula cha udongo kinaondoka nalo. Wakulima hurudisha kwa NPK na urea. Lakini kuanzia mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya mbolea duniani nzima, bei ilitushinda, hata pamoja na ruzuku ya Serikali.

Hapo tukajiona wenye akili. Tulisema: Kigali imejaa mbolea inayotupwa! Kila nyumba ya Niboye hulipa kila mwezi ili taka zake zichukuliwe, zipande gari, ziende kutupwa Nduba, ambako jiji limekuwa likizipeleka tangu lilipofunga jalala la Nyanza ya Kicukiro mwaka 2012. Na sehemu kubwa ya taka hizo ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya kabichi, mabaki ya ugali na maharage. Tukakodi lori dogo. Tukapakia taka za sokoni, tukaongeza magunia ya vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, tukafika bondeni tukamwaga yote topeni pamoja na mabua makavu ya msimu uliopita, tukakanyagia chini. Siku ya nne tukapandikiza.

Wiki mbili baadaye miche yetu ilikuwa ya manjano, na ya jirani ilikuwa ya kijani kibichi. Ukipita kando ya jaruba unasikia harufu ya yai viza. Ukikanyaga, mapovu yanapanda. Na mama mwenye jaruba, alipoingia kung'oa magugu, alikatwa mguu na kipande cha chupa kilichotoka Kigali pamoja nasi. Hakutugombeza sana. Alikaa juu ya tuta akifunga kitambaa, akasema, "Mwalimu, mmeniletea jalala shambani." Tulinyamaza, maana ilikuwa kweli.

Bwana shamba wa ushirika alikuja, akang'oa mche mmoja, akatuonyesha mzizi. Ulikuwa mweusi. Alituamuru tutoe maji yote, tuache udongo upumue hadi uanze kupasuka, kisha turudishe maji na kutia urea kidogo, urea ile ile tuliyotaka kuikwepa. Msimu ule hatukufikia hata nusu ya mavuno ya jirani.

Sasa tueleze sababu, kwa kuwa hapa ndipo faida ya hasara yetu ilipo. Ndani ya udongo mna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na wao ndio wanaoozesha kila kitu. Ili waozeshe bua kavu au vumbi la mbao wanahitaji naitrojeni. Bua lina naitrojeni kidogo mno, vumbi la mbao lina kidogo zaidi, kwa hiyo wanaichukua ile iliyomo katika udongo, na mche unabaki na njaa. Watairudisha, ndiyo, lakini baada ya majuma mengi, mpunga ukiwa umekwisha kudumaa. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kwamba jaruba lina maji, na chini ya maji hakuna hewa. Kitu kibichi kikioza pasipo hewa hutoa tindikali na hewa za sumu, ndiyo ile harufu ya yai viza, na mizizi huungua. Mapovu yenyewe kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo wataalamu wanatuambia inachangia kulipasha joto anga la dunia. Basi kosa letu halikuwa kutumia takataka. Kosa lilikuwa kuliachia jaruba kazi ya kuozesha, wakati kazi hiyo ni ya lundo, nchi kavu, penye hewa, kabla.

Tangu hapo tuna sheria moja, na watoto wetu wa shule wanaiimba: hakiingii majini kisichooza kwanza.

Lundo letu liko hapa hapa Niboye, nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, na mtaliona mkitoka. Tunaanza kwa matawi membamba chini ili hewa ipite. Juu yake tabaka la vitu vikavu, mabua au majani, kisha tabaka la vitu vibichi vya jikoni na sokoni, kisha samadi tukiipata, kisha udongo kidogo, na tena tangu mwanzo, hadi kimo cha kifua cha mtu mzima. Likiwa dogo kuliko hivyo halipati joto. Tunalinyunyizia maji liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, tunalifunika kwa majani ya migomba. Katikati tunachomeka fimbo. Siku ya nne au ya tano ukiichomoa uishike: ikiwa ya moto, lundo linakwenda vizuri, na moto huo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji na vitu vibichi. Ikinuka vibaya, lundo limelowa mno, ligeuze uongeze vikavu. Kila baada ya wiki mbili tunaligeuza, la nje likae ndani. Baada ya miezi mitatu hivi, kilichokuwa kabichi huwezi kukitambua. Kinanuka msitu baada ya mvua.

Kuchambua ndiyo kazi isiyopendwa na mtu. Chupa, nyembe, na hasa mawe ya redio na tochi, yaani betri, maana hizo zina madini ya sumu yasiyooza hata miaka mia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, hilo limetupunguzia kazi, ingawa mingine bado hutokea kama mzee asiyealikwa harusini. Tumejifunza kwamba kuchambua jikoni ni rahisi mara kumi kuliko kuchambua lundoni. Majirani kumi na saba wanatuwekea vitu vya kuoza katika ndoo yao ya pekee. Walianza watatu.

Tuje kwa takataka za mpunga wenyewe, ambazo ndizo zinazotupwa bure zaidi. Twende kwa hesabu, mtuvumilie. Ari 20 zikitoa tani moja ya mpunga usiokobolewa, zinatoa pia karibu tani moja ya mabua. Tani hiyo ya mabua ina kilo 5 hadi 8 za naitrojeni, na kilo 12 hadi 17 za potasiamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo katika mabua hayo mna naitrojeni ya robo mfuko au theluthi. Ni kidogo, tusidanganyane. Lakini potasiamu iliyomo ni ya nusu mfuko na zaidi wa mbolea ya potasi, na sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mmea umeinyonya hubaki katika bua, haiendi katika punje. Mkulima anayeyachoma mabua kando ya tuta anapoteza karibu naitrojeni yote iende na moshi, na majivu mengine yanachukuliwa na upepo na mvua. Anayeyauza kwa wenye ng'ombe, sawa, ila aombe samadi irudi.

Kisha maganda. Hatusemi pumba laini wanayokula nguruwe na kuku, hiyo ina wenyewe. Tunasema yale maganda makavu, magumu, yanayorundikana nyuma ya mashine ya kukoboa hadi mwenye mashine anatafuta wa kumwondolea. Ni karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa mpunga. Hayaozi upesi kwa sababu yamejaa silika, jamii ya mchanga na kioo, na silika hiyo ndiyo inayoupa mpunga shina la kusimama na jani gumu dhidi ya ugonjwa. Tukajaribu kuyatia lundoni, yakakaa miezi mitatu yakitutazama. Sasa tunayafanya mkaa. Tunachukua debe kuukuu, tunalitoboa matundu pande zote, tunawasha moto ndani na kulitia bomba juu kama dohani, halafu tunazungushia maganda nje yake kama kichuguu. Yanaungua polepole kutoka ndani bila kuwaka. Yakiwa meusi yote, kabla hayajawa meupe, tunamwagia maji ya kutosha na kuyatandaza. Ukichelewa nusu saa una majivu tu. Mkaa huo tunauchanganya na udongo wa kitalu, na miche hung'oka na mizizi yake mizima. Mwingine tunauchanganya na mboji.

Majivu ya jikoni nayo yana kazi. Udongo mwingi wa Rwanda una uchachu, na majivu ya kuni na mkaa huupunguza, tena yana potasiamu. Lakini msiyatie katika lundo lenye samadi mbichi au mkojo: yataifukuza naitrojeni, mtaisikia ikiwachoma puani. Yatiwe shambani wakati wa kulima. Na yasiwe majivu ya mbao zilizopakwa rangi, wala ya jiko lililochomewa plastiki.

Kuna majaruba kandokando ya vilima ambako maji yanachuruzika na utando wa rangi ya kutu. Huko majani ya mpunga huwa na madoa ya kahawia kama shaba: ni chuma kimezidi. Mboji peke yake haitaponya hapo, na vitu vibichi vitazidisha ugonjwa. Fungua mfereji kwanza.

Kipimo chetu ni kilo 100 za mboji kwa ari moja, yaani tani 10 kwa hekta, itiwe wakati wa kulima. Kwa ari 20 ni tani mbili, na tani mbili ni migongo mingi. Bado tunatia NPK, na urea wakati wa kuchipua, lakini pungufu. Yeyote atakayewaambia mboji inatosha peke yake katika bonde lililolimwa miaka arobaini, mwulizeni amevuna magunia mangapi.

Vijana wa kambini wametuuliza juu ya vyoo, kwa sababu kambini ndicho kitu kisichopungua. Jibu letu ni la tahadhari. Mayai ya minyoo hukaa hai muda mrefu sana katika kinyesi, na bondeni watu husimama majini peku siku nzima. Tena katika mabonde mengi kichocho kipo tayari, na huenezwa na kinyesi na mkojo unaofika majini. Jambo hilo linahitaji vyoo vilivyojengwa kwa ajili hiyo na wataalamu wa afya wa kulisimamia. Msilianze wenyewe. Na mkiweza, vaeni mabuti.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, tuna neno lililotuuma kuliko manjano ya miche.

Baada ya hasara ile mama yule alitupa msimu mwingine, jambo ambalo sisi tusingelifanya kwa mtu aliyetukata mguu. Tulileta mboji iliyoiva. Mpunga ukasimama. Msimu uliofuata ukasimama zaidi, na udongo ukawa mweusi, laini, hata jembe lilikuwa halilii. Kisha wanawe wakubwa wakarudi kutoka mjini, wakalitazama jaruba, wakasema sasa watalima wenyewe. Wana haki. Hatukuwa na karatasi, tulikuwa na maneno. Tani za mboji tulizobeba zilibaki kule, na mboji haing'olewi ikahamishwa.

Usiku ule mmoja wetu alisema mkimbizi hapaswi kulisha udongo wa mtu, apande, avune, ahame, maana hata kesho hajui atalala wapi. Tuliwafikiria ndugu zetu wa Gihembe, waliokaa pale tangu 1997, wakapanda miti, na mwaka 2021 kambi ikafungwa wakahamishiwa Mahama. Wangepanda tena kama wangejua? Tulibishana hadi jogoo akawika. Hatukukubaliana, na hadi leo wawili katika kikundi hawajakubali.

Lakini tukaona jambo moja. Ardhi si yetu, ila lundo ni letu. Lundo halihitaji hati ya shamba. Linahitaji mita chache za uwanja, fimbo, na watu wasioona haya. Tukamwendea mama yule yule na wanawe, tukawauliza kama watanunua mboji. Wakasema watalipa kwa mpunga, baada ya mavuno, kwa gunia. Jirani zao wawili nao wakaagiza. Safari hii tuliandika karatasi, kwa Kinyarwanda, mbele ya kiongozi wa ushirika, kila mtu na nakala yake. Na ari kumi tunazolima sasa mahali pengine, tulizikubali kwa sharti la misimu minne iliyoandikwa, kwa sababu mboji hulipa polepole, na anayeitia lazima awepo inapolipa.

Ndugu wa kambini, ninyi mna takataka za maelfu ya watu mahali pamoja, na wengine wenu mna mabonde jirani. Gisagara ni wilaya ya mpunga. Wakimbizi wa Mugombwa wamelima pamoja na wenyeji katika bonde la Misizi tangu 2017, mahindi na maharage, kwa msaada wa Serikali na mashirika, kwa hiyo si ndoto kwamba mgeni na mwenyeji washike jembe katika mfereji mmoja. Tunaiomba Kamati iteue mahali pamoja pa lundo katika kila mtaa wa kambi, mbali na visima na juu kidogo pasipofurika, na iweke ndoo mbili kila jiko la jumuiya. Kabla ya lundo la kwanza kuiva, Kamati ikae na ushirika wa jirani iandike bei au mgawo. Baada ya kuiva mtakuwa mmechelewa, kila mtu atakuwa mwenye lundo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi, nasi tunalisema kwa heshima. Tumehudhuria semina nyingi za mbolea. Fulana tunazo, kalamu tunazo, na mmoja wetu ana vyeti vitatu vya mboji. Ambacho hatuna ni toroli, uma za kugeuzia, glavu, mabuti, na nauli ya lori siku mboji inapokwenda bondeni. Safari moja ya lori ingefika shambani mbali kuliko siku mbili za hoteli. Pia mkiweza kuwa mashahidi wa zile karatasi za misimu minne, mwenye ardhi husaini kwa moyo mwepesi akiona yupo mtu wa tatu.

Mkitoka kwa mlango huu wa nyuma mtaona malundo matatu. La kushoto lina wiki moja, msiliguse, ni la moto. La kulia limeiva, chukueni konzi moja mnuse. La katikati litageuzwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda. Wenye mabuti waje nayo, uma tunazo mbili tu.